Kidole cha Mkuu wa Kaya

I

Mimi sipendwi, na sijawahi kulilia kupendwa. Nimefanya kazi ya usingizi, ya kuwalaza wagonjwa wa upasuaji, katika Hospitali ya Lupepo miaka kumi na tisa, na kumi na mmoja ya mwisho imekuwa chini ya Sheria ya Shahidi. Katika miaka hiyo nimewasomea watu orodha zao za dawa mbele ya ndugu zao mpaka kuna nyumba huku Rungwe nikipita wanafunga mlango. Nimesoma dawa za kaswende mbele ya mke wa mchungaji. Nimesoma vidonge vya kuzuia mimba vya miaka minne mbele ya mume aliyekuwa akizunguka na mkewe kwenye maombi ili wapate mtoto. Wananiita Bi Orodha, na najua wanaponiita hivyo hawanisifii. Kazi yangu ni mgonjwa aamke. Akiamka akakuta ameachwa, hayo mkayamalize kwenu.

Nayasema haya mapema ili asije mtu akadhani habari ya Subilaga ilinipata kwa sababu nina roho ya huruma. Sina. Ningekuwa nayo, pengine mambo yangekwenda vingine.

Aliletwa Jumatano saa nne asubuhi, mvua ya mlimani ikinyesha kwa upande. Alikuwa mwanamke wa miaka ishirini na sita, mke wa Gwakisa Mwakifuna anayefanya kazi machimboni Chunya. Tumbo lilikuwa gumu kama ubao. Daktari Masebo, mpasuaji wetu, alimbonyeza mara moja tu akanyanyua mkono. Akaniambia kidole tumbo kimepasuka tangu jana na usaha umetapakaa, na kama saa nane mchana itatukuta hatujampasua basi tusijisumbue. Kwa hiyo tulikuwa na muda wa saa nne.

Nikamchoma kidole, nikampa Karani tone la damu.

Karani ni mashine ndogo tu, ukubwa wa redio, imefungwa ukutani kando ya kabati la dawa. Damu ya mtu ina chembe zinazokumbuka. Kila dawa iliyowahi kuingia mwilini, hata sindano moja ya utotoni, imeacha alama yake mle, na Karani anazisoma alama hizo moja moja na kukutajia dawa, mwezi na mwaka. Kuna jambo moja asilolimudu. Anajua dawa ilipita, hajui ilipita vipi. Hajui kama mtu alilala vizuri akaamka akaomba uji, au koo lilivimba akataka kufa. Hilo lazima lisemwe na binadamu, na mgonjwa mwenyewe haruhusiwi kulisema, maana zamani watu walificha aleji zao ili wasikataliwe kazi machimboni, halafu wakafia mezani.

Ndipo ikaja sheria. Orodha isomwe mstari kwa mstari kwa mkuu wa kaya. Kwa kila mstari aseme moja kati ya matatu: ilimdhuru, haikumdhuru, au sijui, kisha aweke kidole kwenye kibao kinachoungana na Karani. Akisema haikumdhuru, dawa inaruhusiwa, na Karani huwa anaichagua hiyo hiyo kwa sababu ina shahidi. Akisema ilimdhuru, au sijui, dawa inafungwa na Karani anatafuta nyingine. Bila kidole, kabati halifunguki hata ulipige shoka. Sauti zote zinarekodiwa, na mwishoni nakala ya orodha inakwenda kwenye simu ya kila mtu mzima wa kaya hiyo.

Orodha ya Subilaga ilikuwa na mistari kumi na mbili, imepangwa kwa aina ya dawa, si kwa miaka. Ya kawaida kabisa: chanjo, dawa za malaria, dawa za minyoo, sindano za uzazi za miaka minne iliyopita alipomzaa binti yake kwa Mwakifuna. Ila mstari wa tisa ulikuwa wa miaka tisa nyuma. Dawa ya kulegeza misuli, ile tunayowapa watu wa nusukaputi ili tuweze kuwapitishia bomba la hewa. Na kando yake, siku hiyo hiyo, dawa ya kubana kizazi baada ya kujifungua.

Nilihesabu kichwani. Miaka tisa iliyopita alikuwa na kumi na saba, na ndoa yake ina miaka sita.

Nilipogeuka nikakuta ananitazama. Alikuwa amekisoma kioo cha Karani kutoka pale kitandani. Sijui alipata wapi nguvu, lakini alinishika sketi kwa mkono uliokuwa na dripu.

"Sista, huo usiusome."

Nikamwambia mimi nasoma orodha nzima, siruki. Akasema hajaniomba niruke. Aliwahi kusikia kwamba kuna namna ya kusoma ambayo wakwe hawaelewi. Akaniomba nimsomee kwa namna hiyo.

Namna hiyo ipo, sisi tunaiita kusoma kidawa. Badala ya kusema dawa ya kulegeza misuli, unataja jina lake la kiwandani, refu, lenye kuvunja ulimi. Badala ya kusema baada ya kujifungua, unataja namba ya ugonjwa kama ilivyo kwenye kitabu. Hujasema uongo, Karani hawezi kukushika. Hata nakala zinatoka kama ulivyosoma. Na mkuu wa kaya, nani huyo atakayekubali mbele ya watu kwamba kuna jambo la nyumba yake asilolijua? Anakohoa, anasema haikumdhuru, anaweka kidole. Mwaka juzi mwenzangu mmoja alisoma kidawa kwa kumwonea mtu huruma. Mgonjwa alikufa dakika ya sita, na mkuu wa kaya alimshukuru kwa kazi nzuri. Mwenzangu yule sasa anauza mitumba Mbeya.

Kwa hiyo nilimuuliza Subilaga swali moja tu. Nilimuuliza aliamkaje siku ile.

Alinieleza kwa vipande, akisimama kila tumbo lilipomkamata. Mtoto alizaliwa nyumbani kwa mama yake, hakukaa, alikufa kabla ya kupewa jina. Kondo la nyuma likakwama. Wakampeleka hospitali moja ya mbali, ng'ambo ya wilaya, ili wasionekane, na huko akalazwa usingizi ili litolewe. Akaamka siku ya tatu. Midomo ilikuwa imevimba, koo lina bomba, kifua kinauma kama amekanyagwa. Mama yake alimwambia ni uchovu wa uzazi. Mama yake ndiye pekee aliyekuwepo, na alishafariki.

Kifua kinauma. Mtu wa usingizi akisikia hivyo hahitaji kuelezwa zaidi. Walimkandamiza kifua kwa sababu moyo ulisimama. Dawa ile ilimwua mara moja wakamrudisha, na akipewa tena leo, na tumbo lile, nani wa kumrudisha?

Nikamwambia hivyo hivyo, sikuipaka sukari. Nikamwambia nikisoma wazi, baba mkwe, ambaye ndiye mkuu wa kaya yenu, atasema sijui, dawa itafungwa, Karani atachukua ile ya pili na yeye ataamka. Nikisoma kidawa, mzee atasema haikumdhuru, na hataamka. Nikimwambia Karani aifunge bila shahidi, ananidai sababu kwa sauti, na sababu nayo inaingia kwenye nakala. Njia ya nne hakuna.

Akanijibu kwamba siku ya posa baba yake mzazi aliapa mbele ya akina Mwakifuna kwamba binti yake hajawahi kulazwa hospitali hata siku moja. Kiapo cha kaya, wenyewe mnakijua kilivyo siku hizi, kikivunjika ndoa imevunjika na mtoto anabaki kwa waliodanganywa. Kwa ajili hiyo alikuwa ameumwa tumbo siku tano bila kumwambia mtu. Alikuwa akichuma chai huku usaha unajaa.

"Nisomee kidawa," akasema. "Nikifa, binti yangu atabaki na mama aliyekufa. Ukisoma wazi, atabaki bila mama kabisa."

Nilikasirika sana. Nilikasirika na yeye, na mama yake, na huyo aliyempa mimba, na mvua. Nikamtoa mkono kwenye sketi yangu, nikachukua kibao cha kusomea, nikatoka.

II

Huku kwetu mke wa mtoto na baba mkwe hawaonani. Najua wako wanaotucheka, wanasema dunia imefika huku na nyie bado mnajificha migombani. Wacheke tu. Mwanamke akimsikia baba mkwe anakohoa, anapita njia nyingine. Njia ikiwa moja, anajitanda kitenge usoni na kumpa mgongo mpaka apite. Jina lake halitaji, na mzee naye la kwake halitaji. Subilaga alikuwa ameishi boma moja na yule mzee miaka sita na hawajawahi kutazamana.

Sheria iliandikwa na watu wasiojua hayo. Sisi wa Lupepo tukajitungia utaratibu wetu: mgonjwa anabaki chumba cha maandalizi, mlango umefungwa, baba mkwe anakaa kwenye benchi la korido, na mtu wa usingizi anasimama katikati na kibao. Mwanamke anasikia kila neno kupitia mlangoni. Ni utaratibu mzuri, au tuseme haujawahi kutuletea kesi.

Mzee Mwakifuna alikuwa amekaa wima kwenye benchi, koti la mvua amelikunja magotini, mwavuli kati ya miguu. Alikuwa mpima chai kiwandani kwa miaka thelathini. Wachumaji wanamkumbuka mpaka leo kwa sababu hakuwahi kumwibia mtu robo kilo, na hakuwahi kumwongezea mtu robo kilo. Nilimwamkia shikamoo, akaitika marahaba mwanangu, akauliza hali. Nikamwambia hali ni mbaya, muda hakuna, tuanze.

Hapo ndipo nilipokosea, na nitalieleza kosa langu kama lilivyo. Nina kanuni moja ambayo nimeishika tangu sheria ianze: siongei na ndugu kabla ya orodha. Sitaki kubembelezwa, sitaki kusimuliwa ukoo, sitaki mtu aseme nilipangana na fulani. Nafika, naamkia, nawasha kibao. Kanuni hii nilijivunia. Nilikuwa nawafundisha wanafunzi.

Nikawasha kibao.

Mstari wa kwanza, chanjo. Akasema haikumdhuru, akaweka kidole. Wa pili vivyo hivyo. Wa tatu ulikuwa dawa ya malaria ya utotoni, akatafakari, akasema sijui, wakati huo alikuwa bado kwao. Akaweka kidole taratibu, bila kuona haya. Wa tano akasema tena sijui. Wa sita akasema ilimdhuru kidogo, aliwashwa mwili siku mbili, mama mkwe wake alimpaka mafuta ya nazi. Nilishangaa amejuaje, maana ilikuwa jambo la nyuma ya nyumba, la wanawake. Lakini sikusimama kufikiri. Mzee alisema sijui mbele yangu mara mbili bila kumung'unya maneno, na mimi Bi Orodha mwenye miaka kumi na tisa kazini nilisikia na sikusikia. Nilikuwa nimeshaamua kwamba wazee wote ni wale wale.

Wa saba. Wa nane.

Nyuma ya mlango Subilaga aliacha hata kuugua.

Sitajifanya kwamba nilisoma wazi kwa sababu nilimpenda Subilaga. Nilisoma kwa sababu sijawahi kumpoteza mgonjwa kwa dawa niliyojua itamwua, na sikutaka awe wa kwanza. Hayo ya mtoto kubaki bila mama kabisa niliyasikia, nikasema moyoni yatajulikana baadaye, aliye hai hupata pa kuanzia. Nikasoma.

"Mstari wa tisa. Dawa ya kulegeza misuli, na dawa ya kubana kizazi baada ya kujifungua. Miaka tisa iliyopita, mwezi wa sita."

Mzee Mwakifuna hakushtuka. Alitazama mwavuli wake kwa muda, kisha akanitazama mimi, na nilichokiona usoni mwake hakikuwa hasira. Alikuwa kama mtu aliyekuwa akibeba yai kwa mwendo mrefu na mtu mwingine amempiga kiwiko mlangoni kwake.

"Ilimdhuru," akasema. "Koo lilivimba. Moyo ulisimama dakika nne."

Akaweka kidole. Kibao kikalia, dawa ikafungwa, ya pili ikafunguka.

Akaendelea kusema, kwa sauti ile ile ya chini, akijua fika kwamba inarekodiwa na haina maana tena kuificha. Kabla ya posa alituma mtu kuulizia, kama mzazi yeyote mwenye akili. Yule mtu alifika mpaka ile hospitali ya mbali na akarudi na kila kitu. Mzee alikaa nacho wiki nzima. Kisha akaangalia mwanawe anavyompenda yule binti, akakubali posa, akasikiliza kiapo cha uongo huku anajua ni cha uongo, na hakumwambia mtu, hata mkewe.

"Miaka sita nimempa mgongo," akasema. "Watu wanajua ni mila tu. Mila ilinisaidia. Mtu usiyemtazama hulazimiki kumwuliza."

Nikaanza kusema kwamba sikujua. Hakunipa nafasi. Akasema alipoambiwa ni nusukaputi, alijua mstari huo utakuja, akawa anausubiri. Alisikia kwamba watu wa usingizi tuna namna yetu ya kusoma mambo kama hayo. Ningeutaja kwa jina lolote nililotaka, la kiwandani au la Kichina, angesema ilimdhuru, angeweka kidole, na kila mtu angekwenda nyumbani kwake. Au ningemwita pembeni kabla ya kuwasha kibao, nikamwuliza kama mtu anavyomwuliza mtu.

"Nilikuwa najua," akasema. "Lakini sasa nimesomewa. Ni vitu viwili, mwanangu."

Mistari mitatu iliyobaki tuliimaliza kwa dakika moja, na simu yake ikatetemeka mfukoni. Ilikuwa nakala. Wakati huo huo ilikuwa inaingia kwenye simu ya mkewe, na ya kaka zake wawili walio kwenye kaya, na ya Gwakisa kule Chunya. Kisha akavaa koti, akafungua mwavuli akiwa bado ndani ya korido, jambo ambalo mzee kama yule hafanyi, na akatoka.

Nilipofungua mlango Subilaga alikuwa amejifunika kitenge uso mzima, kama inavyotakiwa baba mkwe anapokuwa karibu. Nilimwambia ameshaondoka. Hakukitoa. Nilimvalisha barakoa ya hewa chini ya kitenge, nikampa dawa ya pili, na saa sita na dakika ishirini Daktari Masebo alikata.

III

Operesheni ilikwenda vizuri sana. Naomba hilo liandikwe mahali. Usaha ulitoka lita nzima, mapigo hayakuyumba, na saa tisa na nusu Subilaga alifumbua macho na kuomba maji. Daktari alinipiga bega, akaniambia kazi safi.

Korido ilikuwa tupu. Mama mkwe wake aliyemleta asubuhi na kapu la nguo hakuwepo, na kapu hakuliacha. Binti yake wa miaka minne, aliyekuwa akicheza na kofia ya mlinzi getini, alikuwa ameshabebwa.

Siku ya pili Gwakisa alituma ujumbe wa maneno manne, sina haja ya kuyarudia. Siku ya tatu baba mzazi wa Subilaga alimfuta kwenye kaya yake ili asije akashtakiwa kwa kiapo cha uongo, kwa sababu mtu ambaye si wa kaya yako, haihesabiki kwamba uliapa kwa ajili yake. Mambo ya wanasheria. Nilimtoa nyuzi mimi mwenyewe siku ya nane, na wakati wa kumruhusu Karani akauliza, kama anavyouliza kila mtu, jina la shahidi wake.

Subilaga alinitazama. Alisema, "Andika lako. Wewe umeshayajua yote."

Nikamweleza kwamba mtu wa usingizi haruhusiwi kuwa shahidi, ni kosa la kufungwa, na mashine yenyewe haitanikubali. Akatikisa kichwa kama mtu aliyeelezwa bei ya kitu ambacho hakuwa na nia ya kununua. Hakunilaumu. Ningependa angenitukana, matusi nimeyazoea. Karani akasubiri dakika mbili, kisha akajaza nafasi ile mwenyewe: Hana shahidi.

IV

Alirudi baada ya miezi minane. Alikuwa amepata kibarua cha kuchuma chai kwenye mteremko wa upande wa pili, kule ambako hawamjui. Asubuhi moja ya utelezi aliteleza na gunia mgongoni akaangukia mfereji wa mawe. Mfupa wa mguu ulikuwa umetoka nje ya ngozi, mweupe. Wachumaji wenzake walimleta kwenye machela ya majani ya migomba, wakamlaza, wakarudi kazini.

Mguu ule ulitakiwa uvutwe, usafishwe na urudishwe siku ile ile, la sivyo ungeoza. Nilimpa Karani tone la damu. Ikatoka orodha ile ile, na mistari mipya mitano, ya kwangu. Kila dawa ya maumivu iliyo na nguvu iko ndani ya kabati lile, hata ganzi ya kawaida, nyuma ya kioo. Kwa nje nilikuwa naziona. Ile ya pili ambayo haikumdhuru ilikuwa rafu ya katikati, vichupa sita, kofia za bluu.

Sheria inasema orodha isomwe hata kama benchi ni tupu. Nikatoka korido nikaisomea benchi mistari kumi na saba. Wanafunzi walinitazama wakadhani nimerukwa na akili. Mwishoni Karani akasema hakuna shahidi, kabati limefungwa.

Sikuwa nimewahi kumpigia ndugu simu maishani mwangu. Nilimpigia Mzee Mwakifuna. Kuna kifungu kidogo ambacho watu hawakijui: mtu aliyewahi kuwa shahidi wa mgonjwa anaweza kutumika tena, hata akiwa nje ya kaya, ilimradi Karani amwonyeshe uso wa mgonjwa na yeye amtambue. Neno moja tu, namtambua, na kidole kwenye simu. Nilimweleza yote hayo haraka haraka, nikiwa nimeegemea ukuta. Nilimwomba. Mimi, Bi Orodha, nilimwita baba.

Nyuma yake nilisikia sauti ya mtoto mdogo wa kike anaimba. Kisha akasema haya, niunganishe.

Nikaligeuza jicho la Karani pale ukutani lielekee kitandani na kuiweka sauti ya mzee hadharani. Akakohoa, akasalimia waliopo chumbani.

Subilaga, ambaye mpaka hapo alikuwa ameuma mdomo na kugandisha macho darini, alisikia kikohozi kile, na mikono yake miwili ikaenda kwenye kitenge. Akajifunika uso. Mfupa uko nje, miezi minane hajalala kwenye boma la watu wale, mtoto wake ananyimwa kumwona, na bado alisikia baba mkwe anakohoa akajifunika uso na kujaribu kugeuka ampe mgongo.

Karani akasema uso wa mgonjwa hauonekani.

Nilimwambia atoe. Akatikisa kichwa ndani ya kitenge. Nikamwambia Subilaga, nakuomba, ni sekunde moja tu. Alikuwa amekishika kwa nguvu ambazo sikujua anazo. Nilimkunjua vidole kimoja baada ya kingine, analia, mimi nalia, Daktari Masebo amegeuka anatazama dirishani. Nikamfunua, nikamshika kidevu nikamwelekeza kwenye kioo.

Mzee alimtazama. Nilimwona kwenye kioo cha Karani, amevaa miwani, anamtazama kwa makini kama alivyokuwa akitazama mshale wa mizani. Alimtazama paji la uso, macho, mdomo. Ilikuwa mara ya kwanza katika maisha yao. Karani akamwuliza kama anautambua uso huu.

"Mzee," nikasema, "ni yeye. Unamjua ni yeye."

"Nimeulizwa uso," akasema. Sauti yake haikuwa sawa. "Uso huu sijawahi kuuona."

Hakusema uongo, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Kioo kikazimika. Karani akasema kabati limefungwa.

Subilaga akakivuta kitenge akajifunika tena, ingawa hakukuwa tena na mtu wa kumfichia uso. Safari hii sikumfunua. Nilikunja kitambaa safi, nikakipitisha kwa chini mpaka mdomoni mwake, nikamwambia aume. Kisha nikamshika mabega, na Daktari akashika mguu.